Leseni na vibali vya biashara ndogo: anza na kazi yenyewe, fomu zifuate

Anayetaka kufungua biashara ndogo kwa kawaida huanza kwa kuuliza fomu ya leseni inapatikana wapi. Swali hilo lina wakati wake. Kwanza jiulize: biashara itafanya nini hasa, itafanyikia wapi, na nani ataifanya? Karibu kila leseni hufungwa kwenye kazi, mahali au mtu. Ukishajua hayo matatu, utajua pia ni ofisi zipi za kwenda na zipi za kuachana nazo.

Usichanganye usajili na leseni. Usajili huitambulisha biashara: jina, mmiliki, namba ya mlipakodi. Leseni ndiyo inayokuruhusu kuendesha shughuli. Kibali aghalabu huhusu jambo moja mahususi, kama kuweka bango, kubomoa ukuta au kupanga meza kando ya barabara. Kila nchi ina majina yake, hivyo soma karatasi inakuruhusu nini hasa. Wapo wanaofungua milango wakiwa na cheti cha jina la biashara tu, wakiamini wamemaliza.

Hatua ya kwanza: andika kazi yako

Chukua karatasi, eleza kazi yako kwa vitenzi. Usiishie kwenye "saluni". Andika: kukata na kusuka nywele, kupaka dawa, kutoboa masikio, kuuza mafuta. Kunyoa peke yake huenda kusihitaji zaidi ya leseni ya kawaida, lakini kutoboa ngozi kunaweza kukupeleka kwa watu wa afya. Andika pia unachopanga kuongeza karibuni.

Maelezo hayo ndiyo yatakayokupa namba ya shughuli inayoulizwa kwenye fomu nyingi. Umoja wa Mataifa una mfumo wa kuainisha shughuli za uchumi, ISIC, ulioanza mwaka 1948, na nchi nyingi zimejenga orodha zao juu yake. Katika toleo lake la nne, la mwaka 2008, migahawa na uuzaji wa chakula wa kuhamahama ni 5610. Unyoaji na urembo ni 9602. Tumia orodha ya nchi yako, kwa maana tarakimu zinaweza kutofautiana. Usichague namba kwa sababu tu ada yake ni ndogo. Ajali ikitokea kwenye shughuli isiyotajwa katika leseni, kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa.

Hatua ya pili: hakikisha mahali kabla ya kusaini pango

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo usiwe na haraka. Maeneo hupangiwa matumizi: makazi, biashara, viwanda, au mchanganyiko. Fremu inaweza kuwa nzuri, yenye wateja nje ya mlango, na bado isiruhusiwe kazi yako. Maneno ya mwenye nyumba kwamba "aliyekuwepo alifanya biashara hiyohiyo" hayatoshi. Huenda leseni ilikuwa ya jina lake na iliondoka naye, au hakuwa nayo kabisa.

Nenda ofisi ya mipango ya eneo husika, ueleze anwani na kazi, kisha uombe jibu la maandishi. Likichelewa na fremu inagombaniwa, omba kipengele katika mkataba kinachosema utarudishiwa fedha iwapo matumizi hayo hayataidhinishwa. Mwenye nyumba akikataa, mimi ningetafuta fremu nyingine.

Angalia pia jengo lenyewe: milango ya dharura, vizimamoto, choo, njia ya maji machafu yenye mafuta, idadi ya watu wanaoweza kukaa ndani kwa usalama. Ukifanyia kazi nyumbani usidhani umesalimika. Maswali ya huko huwa ni wateja wanaoingia na kutoka, kelele, maegesho, kibao mlangoni, na wafanyakazi wasio wa familia.

Hatua ya tatu: tafuta vibali vilivyojificha

Mamlaka huwa za ngazi kadhaa: taifa, mkoa au jimbo, na mji. Kama kuna kituo cha huduma pamoja, anzia hapo. Peleka ile karatasi ya vitenzi na uulize: "Kwa kazi hizi, mahali hapa, ni idhini zipi ninazohitaji, na ofisi gani zinazitoa?"

Vinavyosahaulika ni vile visivyo na neno "biashara" ndani yake. Mizani ni mfano. Sehemu nyingi, mizani ya kumuuzia mteja lazima ikaguliwe na kupigwa mhuri. Ile ya jikoni haifai. Muziki dukani nao una mambo yake. Haki ya mtunzi inalindwa chini ya Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, na malipo unayotoa ili usikilize mwenyewe kwenye simu kwa kawaida hayakupi ruhusa ya kuwachezea wateja. Kuna pia usajili wa mwajiri, na leseni ya taaluma ambayo ni ya mtu, wala si ya duka.

Hatua ya nne: panga mfuatano na uwasilishe

Vibali hutegemeana. Mara nyingi jina na namba ya kodi hutangulia, hufuata idhini ya eneo, kisha zimamoto na afya, halafu leseni yenyewe. Kikwazo ni kwamba mkaguzi wa afya hutaka kuona vifaa vimeshafungwa, yaani fedha imeshatumika. Onyesha mchoro kabla ya fundi kuanza, na uombe orodha ya vitu vitakavyokaguliwa. Kwa chakula, Shirika la Afya Duniani linashauri kinachohifadhiwa baridi kiwe chini ya nyuzi 5 za Selsiasi, na kilichopikwa kikae juu ya 60 hadi kuliwa. Uwe na kipimajoto.

Jina liandikwe sawasawa kila mahali. Lipia kwenye akaunti rasmi, chukua stakabadhi na namba ya kumbukumbu. Vishoka waepuke.

Muda wa kujibiwa mara nyingi huhesabiwa tangu maombi yakamilike, si siku uliyoyapeleka. Na wakikaa kimya? Katika Umoja wa Ulaya, Maelekezo ya Huduma ya mwaka 2006 huchukulia ukimya baada ya muda uliowekwa kuwa ni ridhaa, ingawa yanaruhusu nchi kuweka utaratibu tofauti. Kwingineko huenda ukimya ukahesabiwa kuwa ni kukataliwa, basi uliza mapema. Ukikataliwa, dai sababu kwa maandishi, kifungu kilichotumika, na mwisho wa kukata rufaa.

Baada ya kupata

Bandika leseni panapoonekana. Ukihama, ukiongeza shughuli au ukibadili mmiliki, toa taarifa kabla. Kisha andika tarehe za mwisho za karatasi zote, maana kuhuisha leseni kunaweza kudai cheti cha zimamoto na uthibitisho wa kodi ambavyo bado ni hai. Ratiba yako ya kuhuisha iongozwe na ile inayokwisha mapema zaidi.