Somo la nyaya: usiuache waya wa kijani dukani

Majuzi niliitwa Tororo kuangalia friji "inayouma". Hilo ni neno la mama mwenye nyumba: mtoto akiishika miguu mitupu, inamuuma. Soketi zote zilikuwa za matundu matatu, nyeupe, safi. Nikafungua moja, nikakuta nyaya mbili tu ukutani. Tundu la tatu lilikuwa pambo. Aliyefunga alikwepa kununua roli mbili za waya wa kijani, yaani waya wa erthi unaopeleka ardhini umeme uliovuja, na mwenye nyumba hakujua mpaka friji ilipoanza kuuma.

Hatua ya 1: fundi. Muulize kibali kabla ya bei. Hapa Uganda kibali cha kufunga umeme kinatoka ERA, mamlaka inayodhibiti umeme, nacho kina daraja. Anayeruhusiwa nyumba ndogo si lazima aruhusiwe kiwanda. Huyo ndiye atakayekutilia saini hati ya ufungaji unapoomba mita ya Yaka, ile ya kulipia kabla. Tangu Aprili 1, 2025 maombi hayo yanakwenda UEDCL, kampuni ya serikali ya kusambaza umeme, si kampuni ya Umeme tena.

Hatua ya 2: hesabu. Umeme wetu ni volti 240. Chukua wati za chombo, gawa kwa 240, unapata ampea. Pasi ya wati 1,200 inakula ampea 5. Shawa ya maji moto ya wati 5,500 inakula karibu 23, kwa hiyo haishirikiani njia na kitu kingine chochote. Mimi hufunga hivi: taa, waya wa 1.5 (unene, kwa milimita za mraba) na breka ya ampea 6 au 10. Soketi, waya wa 2.5 na breka ya 20. Shawa, waya wa 6 na breka ya 32. Kumbuka kwamba breka kazi yake ni kuulinda waya usiungue. Kuilinda pasi yako si kazi yake.

Hatua ya 3: kununua. Beba kisu. Kwangua ncha ya waya dukani mbele ya muuzaji. Ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Rudisha, hata akikuita shemeji.

Hatua ya 4: paipu. Zilazwe kabla ya plasta, zipande wima au ziende mlalo, zisikate ukuta mshazari, maana kesho mtu atapigilia msumari wa kutundikia picha. Maungio yakae ndani ya kisanduku tu. Swichi ikate laivu (waya unaoleta umeme), kamwe isikate nyutro (waya unaourudisha), la sivyo taa itazimika huku kishikio cha balbu kikiwa bado na umeme. Soketi haiingii bafuni.

Hatua ya 5: erthi. Hapa tukae kidogo.

Wengi hupigilia fimbo ya shaba nje, wakaunga waya wa kijani, wakasema kazi imekwisha. Piga hesabu. Tuseme udongo wako unaipa fimbo ukinzani wa omu 50. Laivu ikigusa bati la friji, umeme utakaokwenda ardhini ni 240 kugawa kwa 50, hautafika hata ampea 5. Breka ya 20 itatulia tu, nalo bati litabaki na umeme likimsubiri mtoto.

Kwa hiyo fimbo inahitaji mwenzake: breka ya mvujo, ile iliyoandikwa RCD, ya miliampea 30. Yenyewe inalinganisha umeme unaoingia kwa laivu na unaorudi kwa nyutro. Ukipotea kidogo njiani, inakata. Penye waya wa kijani, inakata pale pale hitilafu inapotokea. Pasipo waya huo, inasubiri mtu aguse ndipo ijue. Ina kitufe cha T. Kibonyeze kila baada ya miezi michache. Isipoanguka, yaani isipokata umeme, ibadilishe.

Fimbo iwe ya mita 1.2 au zaidi, ipigiliwe penye unyevu. Chumvi wanayomwaga shimoni husombwa na mvua, tena inaila fimbo. Mimi siitumii.

Hatua ya 6: kupima. Kabla ya kuwasha, toa balbu na vyombo vyote, kisha pima kwa mega, kipimo cha kuonyesha kama umeme unavuja kwenye nyaya, ya volti 500. Kati ya nyaya na erthi usomaji usipungue megaomu 1. Fundi asiye na mega aazime.

Maswali ya wanachama

*Breka ya soketi inaanguka nikiwasha birika na jiko la umeme pamoja. Fundi anasema niweke ya 40.*

Usikubali, ndugu. Waya wako wa 2.5 utachemka ndani ya ukuta na breka ya 40 itautazama. Litafutie jiko njia yake kutoka kwenye boksi la breka.

*Nyumba ya marehemu baba ina nyaya nyekundu na nyeusi. Nizing'oe?*

Rangi si kosa. Zamani nyekundu ilikuwa laivu na nyeusi nyutro. Siku hizi ni kahawia na bluu. Pima kwanza. Ukiona mpira unapasuka ukiukunja, hapo ng'oa.

*Nina mizigo (vyumba vya kupangisha) sita Busia, mita moja. Kamyufu, fundi wa mtaani asiye na kibali, anasema ataniungia wapangaji wote kwa siku moja, bei ya soda.*

Mzee wangu, siku moja anaiweza, maana hatapima. Kila muzigo upate breka yake na waya wake wa kijani, na kazi ifanywe na mwenye kibali. Nyumba ikiungua, kamyufu amebadilisha laini ya simu. Wewe ndiwe utakayefuatwa na wapangaji.

*Umeme ukikatika naweza kuchomeka jenereta kwenye soketi ya sebuleni?*

Hapana. Umeme wako utatoka kupitia mita mpaka kwenye nguzo, na huko juu kuna mtu anayeamini laini imekufa. Funga swichi ya kugeuzia, yenye upande wa gridi na upande wa jenereta, isiyoweza kushika pande zote mbili kwa pamoja. Na jenereta ikae nje, moshi wake unaua walio ndani.