Namna ya kuporomosha wimbi la kwantamu kwa miwani mbili za Kariakoo

Mdogo wangu yupo fomu siksi, juzi kanibana na swali, eti kaka kupima kunaporomoshaje wimbi la kwantamu? Kwantamu ni fizikia ya vitu vidogo sana, na wimbi lake ni maelezo ya uwezekano wa kitu kukutwa hali hii au ile; ukipima inabaki hali moja, ndo kuporomoka kwenyewe. Nikamwambia twende Kariakoo kwanza. Unachohitaji ni laptopu ya skrini ya kawaida ya LCD na miwani mbili za jua zenye polaroidi ya kweli, yani chujio linalopitisha mwanga unaotikisika kwenye mwelekeo mmoja tu, basi.

Kwenye kununua ndo kuna kazi. Kila muuzaji atakwambia "hii polaroidi bosi", usibishane nae, we washa simu uweke skrini nyeupe, shika miwani mbele yake afu izungushe taratibu kama unakata usukani. Ikifika pembe flani skrini ikazima giza, hiyo ndo yenyewe. Isipozima popote jaribu na simu ya pili maana protekta zingine zinavuruga, na huko nako ikigoma rudisha mezani, hiyo ni plastiki ya rangi tu. Mi nishapigwa, nilionyeshwa stika kwenye kioo nikaamini stika.

Nyumbani zima taa, fungua ukurasa mweupe kwenye laptopu. Mwanga wa LCD unatoka ukiwa ushachujwa, unatikisika mwelekeo mmoja tu, so skrini yenyewe ndo chujio la kwanza. Shika miwani ya kwanza, zungusha mpaka lenzi iwe nyeusi tii, mpe mtu akushikie asiitikise. Sasa chukua ya pili uiweke upande wa jicho lako, zungusha utakavyo, giza tu. Afu ihamishe iwe katikati, kati ya skrini na miwani ya kwanza, uilaze digrii 45. Mwanga unarudi! Yani umeongeza kizuizi na mwanga ukaongezeka, dogo akasema kaka acha uchawi.

Sio uchawi. Tuseme fotoni, yani punje moja ya mwanga, imetoka kwenye skrini ikiwa wima, maana yake mtikisiko wake ni wa juu-chini. Ikikutana na lenzi iliyolala haipiti nusunusu, ni ama inapita nzima ama inamezwa, na uwezekano wa kupita ni kosaini ya pembe kati ya fotoni na lenzi, ukiizidisha kwa yenyewe, ndo kanuni ya mwanafizikia Max Born ya 1926 ikiletwa kwenye miwani. Pembe ya 90 inatoa sifuri, ndo lile giza. Pembe ya 45 inatoa nusu. Sasa utamu uko hapa: fotoni iliyopita lenzi ya 45 sio wima tena, ule uwima umefutika, imekuwa ya 45, na hapo ndo tunasema wimbi limeporomoka. Mbele inakuta pembe ya 45 nyingine badala ya 90, inapita nusu ya nusu, yani robo. Ukiilaza 30 unapata asilimia 75 mara asilimia 25, yani asilimia 18.75, ndo maana 45 inang'aa zaidi. Kwa macho utaona pungufu sababu lenzi zenyewe zina rangi.

Kwahiyo kupima sio kuchungulia sufuria kuona kama maharage yameiva. Kipimo kinaibadilisha fotoni, na jicho lako halihusiki, hata ukitoka nje kununua vocha lenzi inafanya kazi yake. Mwanahisabati John von Neumann ndo aliiandika hii ya kuporomoka kama sheria inayojitegemea mwaka 1932, ila inatokeaje haswa wanafizikia bado wanavutana, wapo wanaosema hakuna kinachoporomoka kabisa.

Mwalimu mkali atakwambia ung'avu huu ulishaelezwa na mwanafizikia Mfaransa Malus tangu 1809 bila kwantamu yoyote, na ni kweli, wimbi la kawaida linatosha kwa mwanga mwingi. Kwantamu inakubana ukituma fotoni mojamoja, maana hapo hakuna kupata robo ya fotoni.

Mwanga ukigoma kurudi angalia mpangilio, mara nyingi miwani ya 45 imeishia nje badala ya katikati. Na usijaribu kwa kutazama jua.