Kupiga picha laini za maua kwa karibu: mfano wa Kitulo

Ukungu wa picha laini ya ua, yaani ile ambayo sehemu kubwa imefifia kwa makusudi, hupangwa kabla ya kubonyeza kitufe. Ndani yake ibaki sehemu moja kali, hata ukingo wa petali moja tu, jicho lipate pa kutua. Bila sehemu hiyo, atakayeitazama atadhani mkono ulitetemeka.

Tuchukue nyanda za Kitulo, kusini mwa Tanzania, zilizo kwenye mwinuko wa mita 2,600 hivi na ambazo wenyeji huziita Bustani ya Mungu. Zilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa ajili ya mimea yake, zikiwamo aina zipatazo 45 za okidi zinazoota ardhini. Maua hushamiri Desemba hadi Aprili, wakati wa mvua. Usiikimbie mvua hiyo: mawingu hutandaza mwanga, vivuli vikali hutoweka, na umande wa saa 1 asubuhi huwa nukta zinazong'aa kwenye picha.

Lenzi ya makro (ya kupigia vitu vidogo kwa karibu) ya milimita 100 ni nzuri sana, lakini si lazima. Chukua lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi huwa pana), uweke pete ya kurefushia ya milimita 25 kati yake na kamera. Pete hiyo haina kioo, kwa hiyo bei yake ni nafuu. Ua la sentimita 4 sasa litachukua takriban sentimita 2 kwenye kihisi (sehemu ya kamera inayopokea mwanga), yaani nusu ya ukubwa wake. Fungua tundu la lenzi f/1.8 hadi f/2.8, kasi ya shata isishuke chini ya sekunde 1/250, na mwanga ukipungua pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kwa mwanga, hadi 800. Chembechembe kidogo zinazoletwa na ISO haziharibu picha ya aina hii. Upepo ndio unaoharibu.

Sasa sehemu yenye kazi hasa, ambayo wengi huiruka: pazia la mbele, yaani majani au maua yaliyofifia mbele ya ua. Lala chini juu ya gunia au turubai mpaka lenzi ilingane kimo na ua. Tafuta majani au maua mengine yaliyo kati yako na ua unalolitaka, kisha sogea mpaka yawe sentimita 2 hadi 5 kutoka kwenye kioo cha lenzi, karibu kuyagusa. Yatayeyuka yawe rangi tupu: nyasi hutoa kijani, petali za njano hutoa mwanga kama wa asali. Pazia lisilifunike ua katikati. Kusogeza kamera milimita chache tu hubadilisha picha nzima, basi fanya bila haraka.

Pazia likikataa kuyeyuka, kwanza angalia tundu la lenzi. Kwenye f/8 majani ya mbele hugeuka mabaka yenye kingo. Kama tundu liko wazi na bado pazia linaonekana kama jani lililokosewa, basi pazia liko mbali mno na kioo. Na jani linalopigwa na jua moja kwa moja hufifisha picha yote kwa weupe. Likinge kwa mwavuli. Nyuma ya ua pawe na nafasi, mita 2 au zaidi, ama sivyo kila unyasi utashindana nalo.

Zima fokasi ya kiotomatiki, kwani itashika pazia badala ya ua. Weka fokasi kwa mkono, kisha sogeza mwili wako mbele na nyuma taratibu huku ukipiga fremu 5 hadi 10 mfululizo. Kwenye nusu ya ukubwa halisi na f/2.8, sehemu iliyo kali ina kina cha milimita moja hivi. Fremu moja nzuri kati ya kumi si haba.

Maua mekundu kama kniphofia hupoteza mistari ya petali haraka: punguza mwangaza kwa theluthi mbili za stopu (kipimo cha mwanga kwenye kamera). Petali nyeupe zikijaza fremu, ongeza theluthi mbili, la sivyo zitatoka kijivu.

Kwa simu, usitumie hali ya makro inayohamia kwenye lenzi pana; hiyo huonyesha karibu kila kitu kwa ukali. Tumia lenzi ya kukuza mara 2 au 3, rudi nyuma kidogo, na uweke jani mbele ya kioo vilevile. Hali ya picha za watu (portrait) nayo hukata stameni nyembamba vibaya.

Kabla ya kulala chini, kagua unapolala. Viazi vya okidi za Kitulo vimechimbwa kwa miaka mingi kupelekwa Zambia kutengenezewa chakula kiitwacho chikanda, na mmea uliobaki hauhitaji kiwiko chako juu yake. Usikate nyasi kusafisha mandhari; zikunje pembeni kwa mkono, piga, kisha ziachie.