Uvimbe chini ya taya: utazame kabla ya kuuita saratani

Ukipapasa uvimbe chini ya taya au mbele ya sikio, jiulize kwanza: huja saa ngapi? Hapa Majengo, kwenye kliniki ya meno ninapofanya kazi, Ramadhani haiishi bila mtu kuniambia, “Dada, hii ni saratani.” Nikimdodosa, kumbe uvimbe humtoka akionja ukwaju wakati wa kufuturu, ukamuuma, kisha ukanywea taratibu. Hiyo ni tabia ya kijiwe kilichoziba mfereji wa mate: chakula chaita mate, nayo hayana pa kupita. Zaidi ya vijiwe 8 kati ya 10 hukaa kwenye tezi ya mate iliyo chini ya taya. Kunywa maji mengi, nyonya ndimu, ikande tezi kuelekea mbele. Homa ikipanda au usaha ukitoka chini ya ulimi, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mashavu yote mawili yakivimba polepole bila kuuma, pima sukari, na pima VVU pia. Usione haya. Virusi hivyo huweza kuleta vifuko vya maji ndani ya tezi za mbele ya masikio, na watu hukaa navyo wakidhani wamenenepa uso. Mtoto mwenye homa, huenda ni matumbwitumbwi.

Kinachotutisha hata sisi ni kidonda kirefu cha kaakaa kinachozuka baada ya tezi ndogo za hapo kukosa damu, pengine kwa sababu ya jeraha au sindano ya ganzi. Hufanana mno na saratani, lakini hupona chenyewe kwa wiki 6 hadi 10. Hata hivyo kikatwe kipande kidogo kipimwe, macho hayatoshi.

Donge moja lisilouma, linalosogea ukiligusa, lililokua kwa miaka? Mbele ya sikio, takriban 8 kati ya 10 si saratani. Omba ultrasaundi, kisha sindano nyembamba ya kuvuta chembe. Nakusihi, usikubali lipasuliwe kienyeji: neva inayoendesha uso hupita mle mle, na aina iliyo ya kawaida zaidi ikipasuka hurudi kwa vinundu vingi. Ukiliacha miaka mingi, nalo laweza kugeuka saratani.

Mdomo ukienda upande, jicho likikataa kufumba, donge likikua kwa wiki chache, likiganda mahali pamoja au tezi za shingo zikivimba, usingoje miadi. Nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, ukiwa umeandika lilianza lini na huvimba ukila nini.