Namna ya Kuutembelea Kuala Kangsar, Mji wa Masultani Kando ya Mto Perak

Wenzetu wa Mtwara na Lindi wanaokwenda Malaysia, wengine kwa biashara, wengine kumtazama mtoto anayesoma huko, kwa kawaida huishia Kuala Lumpur, wakapanda maghorofa, wakanunua nguo na kurudi. Mimi huwashauri watenge siku moja, na ikiwezekana walale usiku mmoja, kwa ajili ya Kuala Kangsar, mji mdogo uliomo ndani ya jimbo la Perak ambao ndio makao ya sultani wa jimbo hilo. Mtu aliyekulia Mikindani au Kilwa hatauona mji huu kuwa mgeni sana, maana naye amezoea kuishi jirani na misikiti ya zamani, makaburi ya watawala na majengo yaliyoachwa na wakoloni. Tofauti ni kwamba huko sultani bado yupo, na ikulu yake ina walinzi.

Kabla ya safari, yafaa ujue mambo machache ya historia, kwa sababu bila hayo utaona majengo mazuri tu bila kujua kwa nini yapo. Usultani wa Perak ulianza mwaka 1528, pale mwana wa sultani wa mwisho wa Malaka alipopewa nchi hiyo ya mtoni kuitawala baada ya Wareno kuuteka mji wa baba yake. Kwa karne nyingi masultani walihamisha makao yao juu na chini ya mto. Neno "perak" kwa Kimalay ni fedha, ile madini, ingawa utajiri uliowavuta wageni kwa wingi ulikuwa wa bati. Mwaka 1874 Waingereza walipata mkataba uliowaruhusu kumweka mshauri mkazi kwa sultani. Wa kwanza, J. W. W. Birch, aliuawa mwaka uliofuata kwenye kijiji kimoja cha mtoni, na Sultan Abdullah akapelekwa uhamishoni Shelisheli mwaka 1877. Msomaji wa pwani yetu atakumbuka kwamba Sayyid Khalid bin Barghash wa Unguja naye alipelekwa visiwa vivyo hivyo miaka mingi baadaye. Wimbo wa sultani wa Perak unasemekana kutokana na mahadhi yaliyosikiwa Shelisheli wakati wa uhamisho huo, na mwaka 1957 mahadhi hayo ndiyo yaliyochukuliwa kuwa wimbo wa taifa zima. Abdullah mwenyewe alirudi akiwa mzee na kufia Kuala Kangsar mwaka 1922.

Kuhusu safari yenyewe sitasema mengi. Ukifika Kuala Lumpur, panda treni ya umeme ielekeayo kaskazini kutoka stesheni ya KL Sentral. Umbali ni kilomita 250 hivi na safari huchukua karibu saa tatu. Kata tiketi mapema, kwa kuwa wakati wa sikukuu na likizo za shule treni hujaa. Siku chache kabla ya kuingia nchini jaza fomu ya kuwasili kwenye intaneti, beba kadi yako ya njano ya chanjo, na ukumbuke kwamba saa za huko zimetangulia za kwetu kwa saa tano, hivyo ukiamka kwa sala ya alfajiri usikimbilie kumpigia simu mama, huku kwetu bado ni usiku mkubwa. Miezi ya Juni na Julai ina mvua chache kidogo, nayo Januari na Februari, wakati ambapo fedha za korosho zimekwisha kuingia, si mibaya. Hata hivyo mwavuli usikosekane, kwani mvua ya alasiri huko haibishi hodi.

Sasa nije kwenye kanuni yangu moja: anzia mtoni, usianzie kilimani. Waendeshaji wengi wa teksi watakupeleka moja kwa moja kwenye msikiti wa huko kilimani kwa sababu ndio unaopigwa picha, na ukishauona utadhani safari imekwisha. Lakini mji huu ni mtoto wa mto. "Kuala" ni mahali mto unapoingia katika mto mwingine au baharini, na hapo ndipo mto Kangsar unapoingia katika mto Perak, wenye urefu wa takriban kilomita 400. Shuka ukingoni asubuhi, utembee kwenye njia ya kando ya maji, uone ng'ambo ya pili kijiji cha Sayong kikiwa ndani ya minazi na miti ya matunda. Maji ni ya rangi ya chai ya maziwa, kama Ruvuma wakati wa masika. Kifungua kinywa ukile hapo hapo karibu: laksa ya mji huu ni tambi za ngano zinazokatwa kwa mkono na kutiwa katika supu ya samaki, na mtu wa pwani hahitaji kufundishwa namna ya kuila. Kwa wenye kupenda tamu kuna cendol, yaani nyuzi laini za kijani zilizowekwa katika tui la nazi, sukari ya mnazi na barafu. Vyakula vingi ni halali, lakini mji una Wachina na Wahindi pia, kwa hiyo tazama alama ya halali ukutani au uulize, hakuna atakayekasirika.

Kutoka hapo nenda kwa miguu hadi kwenye ofisi ya wilaya, ambako umesimama mti mmoja wa mpira wenye uzio mdogo na kibao. Watalii hupita wakiutazama kwa nusu dakika. Mimi nilikaa hapo karibu saa nzima, na nakuomba nawe usiupite. Mbegu zake zilitoka Brazili mwaka 1876, zikaoteshwa katika bustani ya Kew huko London, na mwaka 1877 miche tisa ilipandwa Kuala Kangsar na Hugh Low, mshauri mkazi wa wakati huo, katika bustani ya nyumba yake. Huu ndio uliobaki. Mpira wa mashambani ulipoenea Malaya, yaani Malaysia bara ya enzi za Waingereza, bei ya dunia ilianguka mwaka 1913, na mashamba ya mpira ya Wajerumani katika nchi yetu yakafilisika. Kabla ya hapo, bandari za Kilwa na Lindi zilikuwa zikisafirisha mpira wa mwituni, ule uliogemwa na watu wa bara katika mbungo na kubebwa vichwani hadi pwani. Biashara hiyo iliyowalisha babu zetu ilishindwa na watoto wa miti kama huu uliouegemea uzio wake. Gome lake lina makovu ya visu vya ugemaji, yamevimba kama vidonda vya zamani vilivyopona vibaya.

Ukitoka kwenye mti utapita mbele ya chuo cha Kimalay, shule ya bweni iliyofunguliwa mwaka 1905 kwa ajili ya wana wa wafalme na wakubwa, kama Tabora ilivyokuwa kwetu kwa wana wa machifu. Tabora ilimsomesha Nyerere; hii ilimsomesha Abdul Razak, waziri mkuu wa pili wa Malaysia. Itazame kutoka nje ya uzio, wanafunzi wako masomoni.

Ndipo upande kilima cha Bukit Chandan. Msikiti wa Ubudiah una kuba kubwa la dhahabu na minara minne, na chanzo chake ni nadhiri: Sultan Idris, mtawala wa Perak wa wakati huo, aliugua, akaahidi kwamba akipona atajenga msikiti wa shukrani. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1913. Aliyeuchora, Arthur Benison Hubback, ndiye pia aliyechora stesheni ya zamani ya Kuala Lumpur ambayo treni yako ilipita asubuhi, kwa hiyo ukiona matao na vikuba vinafanana usidhani macho yamekuchezea. Inasimuliwa kwamba ndovu wawili, mmoja wa sultani na mwingine wa Raja Chulan, mwana wa yule Sultan Abdullah, walipigana juu ya marumaru yaliyoletwa kutoka Italia na kuyavunjavunja, ikabidi yaagizwe mengine. Na kwa kuwa Vita Kuu ilikuwa imeanza, meli zilichelewa. Idris alifariki mwaka 1916 bila kuuona umekamilika, na mwanawe, Sultan Abdul Jalil, ndiye aliyeufungua mwishoni mwa mwaka 1917. Pembeni mwake ni makaburi ya masultani. Ndani msikiti ni mdogo kuliko unavyoonekana kwa nje, jambo ambalo mimi nililipenda: nje ni fahari, ndani ni mahali pa watu kusali wakisikiana pumzi.

Kuhusu adabu, mwanamume avae suruali ndefu na mwanamke ajifunike kichwa na mwili; kanga mbili au buibui vinatosha. Usifanye kosa langu la kufika Ijumaa saa sita na nusu mchana ukitarajia kupiga picha, kwani nilijikuta na kamera shingoni katikati ya watu wanaowahi safu, na mzee mmoja akanionyesha kwa ishara mahali pa kutilia udhu. Nilisali, picha zikasubiri. Ukitaka kumwita mtu mzima kwa heshima, mwanamume ni "pak cik" na mwanamke ni "mak cik", sawa na sisi tunavyosema mjomba na shangazi kwa watu tusiowajua. Maneno mengine utayatambua bila mkalimani: dunia ni dunia, rezeki ni riziki, sabun ni sabuni, musim ni msimu. Hata korosho wanaiita gajus, ndugu wa kanju letu, maana sote tulilipokea neno hilo kupitia Wareno.

Ikulu ya sasa, Istana Iskandariah, iliyokamilika mwaka 1933, hutazamwa kwa nje ya geti tu. Bora uutumie muda wako kwenye Istana Kenangan, jumba la mbao la mwaka 1926 lililojengwa bila ramani na bila msumari hata mmoja, kuta zake zikiwa ni mianzi iliyosukwa kwa mapambo ya rangi ya manjano, nyeupe na nyeusi. Familia ya sultani iliishi humo kwa muda wakati ikulu mpya ikijengwa. Hata ukikuta limefungwa, karibia ukuta: ni kazi ya msusi wa mkeka iliyosimamishwa wima. Jumba jingine, Istana Hulu la mwaka 1903, sasa ni makumbusho ya Sultan Azlan Shah, aliyekuwa jaji mkuu kabla ya kuwa sultani na baadaye mfalme wa Malaysia yote.

Alasiri uvuke mto. Zamani watu walivuka kwa mitumbwi, siku hizi kuna daraja na teksi itakufikisha Sayong kwa dakika chache. Hapo ndipo panapotengenezwa labu Sayong, gudulia la udongo mweusi lenye umbo la kibuyu, lenye tumbo pana, kiuno na shingo nyembamba. Siku hizi wengi hutumia kalibu, lakini mama niliyemkuta alikuwa akilisugua gudulia bichi kwa kijiwe laini mpaka likang'aa, kisha akanionyesha jinsi weusi unavyopatikana: chombo hutolewa motoni kikiwa chekundu, kikafukiwa katika pumba za mpunga, na moshi wake ndio unaokipaka rangi. Maji hupoa humo kwa sababu ileile ya mtungi wa kwetu, yaani udongo unatoa jasho. Chagua lenye kifuniko kinachokaa sawasawa, uligonge kwa ukucha usikie kama linalia bila mkwaruzo wa ufa, na usikubali lililopakwa vanishi ikiwa unalitaka kwa maji, maana vanishi huziba vitundu na gudulia hubaki kuwa pambo.

Kwenye ndege libebe mkononi, shingo ikiwa imefungwa kwa kikoi na tumbo limejazwa soksi. Ukifika nyumbani lijaze maji na kuyamwaga kila siku, mpaka harufu ya moshi iishe. Langu lilichukua siku nne.