Vile unaweza kupata kazi laini kubwa ya stima ikijengwa

Wasee wengi wakisikia laini kubwa ya stima inajengwa wanadhani lazima uwe injinia, na hapo ndio wanakosea. Kabla mnara wa chuma usimame kuna kufyeka njia, kuchimba msingi, kumwaga zege, na hao vijana wote wa saiti lazima wale, walale na wapate maji. Uko na lori ya mchanga ama sufuria kubwa za kupikia watu, ingia.

Anza na makaratasi. Sajili biashara kwa eCitizen, toa PIN na cheti cha kodi cha KRA, alafu ujiandikishe AGPO, ile ya asilimia 30 ya tenda za serikali kwa vijana, akina mama na watu wenye ulemavu. Kujiandikisha AGPO ni bure, so broka akikuitisha pesa mwache hapo.

Tenda kubwa angalia tovuti ya KETRACO, ile kampuni ya serikali ya kujenga laini kubwa za stima, lakini za kawaida ziko kwa kontrakta mwenyewe na hawezi kukutafuta huku Nairobi, so panda matatu uende mpaka laini inapopita, kama vile ilikuwa Suswa wakati ile laini ya kutoka Ethiopia ya kilovolti 500 ilikuwa inajengwa, uliza meneja wa saiti na upitie kwa chifu. Fundi wewe, beba cheti cha NITA, ile mamlaka ya serikali inayopima mafundi.

Alafu usipeleke kokoto bila oda ya maandishi. Mimi nilipeleka kwa neno la mdomo tu, nikangoja pesa miezi saba.