Muvi ya mapenzi yenye utundu: mpime steringi kwa uso wake

Kazi yangu ni kuwaingizia watu muvi kwenye flashi, hapa Mafiati, Mbeya. Ijumaa jioni swali ni lilelile: "Dada, hiyo ya mapenzi yenye mambo ya kikubwa ni kali, au matusi matupu?" Simjibu mtu kabla sijaitazama mara mbili.

Watoto walale kwanza. Halafu tafuta nakala yenye sauti za waigizaji wenyewe. Ile iliyotafsiriwa na DJ inachekesha kweli, ila unayemcheka ni DJ. Pumzi ya steringi, kigugumizi chake anapodanganya, vyote vimefunikwa.

Mara ya kwanza usitazame peke yako. Mimi natazama na wifi yangu, yeye na ungo wa maharage mapajani, mimi ndani ya blanketi, maana Julai ya Mbeya haina utani. Kicheko chake sikihesabu, wifi hucheka hata mtu akijikwaa. Naangalia mkono. Kipande kikikolea, mkono unasimama juu ya ungo, punje moja imebaki kati ya vidole, hachambui tena. Watu wakiwa kitandani na mkono unaendelea tu, kipande hicho kimekufa, hata waigizaji wawe wazuri namna gani.

Mara ya pili zima sauti, umtazame yule anayesikiliza. Chukua When Harry Met Sally ya mwaka 1989. Wamekaa mgahawani New York. Billy Crystal amejigamba kwamba mwanamke hawezi kumwigizia raha kitandani asijue. Meg Ryan anamwigizia palepale, mbele ya wateja, hajafungua hata kifungo. Utundu wote umo kwenye sauti yake, lakini ukiizima ndipo unapoiona kazi ya mwenzake: anashangaa, anachungulia meza za jirani, majivuno yanamshuka usoni taratibu. Mwanamke akimaliza, anaendelea na chakula chake. Hapo wote wawili nawapa alama zote.

Sasa kiondoe kipande hicho kichwani mwako. Kuna kitu kimepungua kati yao? Hapo kimepungua, yule bwana angebaki na majivuno yake. Somo anayejua kazi hufanya hivyohivyo kwenye kicheni pati: anataja ya chumbani waziwazi, ukumbi unalipuka, na bi harusi anatoka na kitu cha kwenda nacho.

Halafu angalia aibu inamwangukia nani. Wapenzi wawili wagawane. Kama kila mara anayedhalilishwa ni dada mnene au mfanyakazi wa ndani, na masteringi wanabaki safi, mimi nakata alama, na nakata nyingi.

Ile ya Ijumaa iliyopita, wifi alimaliza ungo mzima, akainuka kwenda kubandika maharage kabla hata wale wawili hawajapatana. Sijaiweka kwenye orodha.